Nilivyompeleka Mama Mkwe Geita kwa Gari Linalolala

Jamaa zangu wa barazani, kila nikipita mnaniuliza swali lile lile: "Baba Kulwa, uliondoka na gari, mbona umerudi juu ya magunia?" Nikianza kujibu mnacheka kabla sijafika hata Kahama, na mwisho wa habari hamjausikia. Basi nimekaa nikaandika. Anayetaka kucheka acheke akiwa kwake, lakini asome mpaka mwisho.

Kutoka Shinyanga

Jinsi nilivyolipata gari lile naiacha. Mnajua wenyewe kwamba Mzungu mmoja wa pamba aliliagiza kwao Ulaya, akahamishwa kabla halijafika, nami nikalichukua jipya, viti vyake vikiwa bado vimefunikwa karatasi. Mlikuja wote kulitazama. Mliloliona ni urefu wake na weusi wake. Tabia zake niliziona mimi.

Gari lile lilikuwa likilala. Ukizima moto, linaanza kushuka polepole, linatoa pumzi, mpaka tumbo lake linakaribia ardhi. Ukiwasha, unasubiri. Kwanza linainua matako, halafu linainua kichwa, sawasawa na ng'ombe anavyoamka. Jirani yangu mfugaji alipoliona mara ya kwanza alisema, "Hili ungelipeleka mnadani, Baba Kulwa, si barabarani." Breki yake haikuwa kibao cha kukanyaga kama cha lori langu la zamani. Ilikuwa kifundo kidogo sakafuni kama uyoga wa kwenye kichuguu, na ukikigusa tu kwa unyayo, gari linasimama kama limeona simba. Wiki ya kwanza nilivunja kioo cha mbele kwa paji la uso. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kifaransa. Padre wa misheni alijaribu kunisomea, akafika ukurasa wa pili akasema, "Hapa wanasema usiguse kitu chochote," akanirudishia.

Nisingethubutu kulitoa mjini kama isingekuwa Kabula. Kabula ni mdogo wake mke wangu, ameolewa na Joseph anayefanya kazi mgodini Geita. Alikwisha kuzika watoto wawili, wote walikufa siku ya kuzaliwa. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na Joseph akatuma ujumbe kwa mkono wa dereva wa lori: miguu yake imevimba, daktari amemlaza, na kutwa kucha analia akimtaka mama yake. Mama yake, mama mkwe wangu, ndiye aliyewapokea wajukuu wake wote isipokuwa wale wawili. Kusubiri basi kungekula siku, na mvua zilikuwa zimeanza.

"Gari lipo uani," mke wangu aliniambia. "Au ni la kutazamwa tu?"

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye taabu. Kwetu Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na neno likiwapo hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo tulipanga vizuri: mimi kwenye usukani, mke wangu pembeni yangu, mama mkwe nyuma, na maneno yote yapite kwa Mama Kulwa.

Tulipoanza tu nikatazama kioo cha kuonea nyuma, na ndani ya kioo nikakutana na macho ya mama mkwe. Akapiga kelele, akajifunika kanga mpaka kidevuni. Nami nikashtuka, nikakanyaga uyoga. Wote watatu tukaenda mbele.

"Mwambie mumeo," sauti ilitoka ndani ya kanga, "kwamba mimi sikuja kutazamwa."

Nikakigeuza kile kioo kikatazama juu ya paa. Tangu hapo mpaka Kahama sikujua kilichokuwa nyuma yangu, na naamini kuna lori moja lililopiga honi njia nzima likiomba kupita.

Kahama

Watu wa Ulaya wamelitengeneza gari lile lisiruke kwenye mashimo. Kweli haliruki. Linayumba. Linakwenda juu, linakuja chini, linabembea taratibu kama mtoto mgongoni mwa yaya, na kuna bomba fulani linalopuliza hewa ya moto miguuni ambalo sijapata kujua linafungwa wapi. Mama mkwe alikaa imara kama gunia. Lakini mke wangu, tulipovuka mbuga ya udongo mweusi, alianza kutapika, na hakuacha. Tulisimama kila penye kichaka. Kila tukisimama gari linalala, kila tukiondoka tunalisubiri liamke.

Tulipofika Kahama kwa shangazi yake, mke wangu alishuka akashika mti wa uani, akasema mti nao unabembea.

Shangazi alitulaza, akatuchinjia kuku. Mimi nilipelekewa wali wangu barazani, mama mkwe akala jikoni. Asubuhi Mama Kulwa hakuweza hata kukaa. Nikasimama uani nimeshika kofia mkononi, nikisema itabidi tumsubiri apone. Shangazi akatoka na mwiko.

"Umsubiri nani? Kabula anasubiri?"

"Shangazi, nitakwendaje peke yangu na mama mkwe? Watu watasemaje?"

"Watu watasema umempeleka mama kwa mwanawe. Mtoto anayezaliwa hangoji adabu za wakubwa. Panda gari."

Ndani nikasikia mama mkwe naye akibishana, halafu nikasikia shangazi akitaja majina ya wale watoto wawili waliozikwa. Mama mkwe akatoka na furushi lake na kibuyu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa, akaingia nyuma bila neno.

Kizuizi cha mbung'o

Tulikwenda mwendo mrefu tumenyamaza kama watu waliogombana. Kisha nyuma yangu nikasikia:

"Wewe gari."

Nikakaza macho mbele.

"Wewe gari, mwambie anayekuendesha kwamba kuna ndama barabarani, upande wa kushoto."

Nilikuwa sijamwona. Nikakanyaga kwa upole, ndama akapita. Nikafikiri, nikakohoa. "Gari," nikasema, "mwambie mama ahsante sana, nimemwona."

"Gari, mwambie si neno. Na mwambie pia akipata kivuli asimame, mtu mzima ana haja zake."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Naapa sijapata kuzungumza na mama mkwe wangu kama nilivyozungumza naye siku ile. Tuliongea mazao, tukaongea habari za wanangu pacha, Kulwa na Doto, na yote tuliliambia gari.

Kabla ya kuingia msituni kuna kizuizi cha mbung'o. Wale wasiopita huko wajue kwamba gari halipiti bila kukaguliwa, wasije nzi wale wakasafiri nalo kwenda kwenye ng'ombe. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, kofia imenyooka, kimia mkononi.

"Zima gari."

"Bwana, nikilizima litalala."

"Lilale. Kwani limekesha?"

Nikazima. Yeye akainama, akajilaza chali, akaingiza kichwa na mabega chini ya gari atafute mbung'o. Nikataka kumwambia, lakini gari lilikuwa limeshatoa ile pumzi yake na kuanza kushuka.

"We! We! Linanilalia! Jamani linanilalia!"

Nilirukia usukani kuliwasha. Nikasahau kwamba linaanza na matako. Nyuma kukapanda, mbele kulikokuwa na mkaguzi kukabaki chini, na miguu yake ikawa inapiga mateke kama ya mbuzi anayefungwa. Ndipo mbele nako kukapanda, akatoka kwa mgongo, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Kofia ilibaki chini. Hakukubali kuinama kuichukua. Niliichukua mimi kwa fimbo.

Kutoka kiti cha nyuma nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nioe. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka, akaiokota, akaendelea kucheka ndani yake. Mkaguzi akamtazama, akanitazama, naye akaanza.

"Nendeni," alisema akifuta macho. "Kama mlikuwa na mbung'o, amekufa kwa woga." Akatupatia mahindi mawili ya kuchoma aliyokuwa amejiwekea kwa chakula chake cha mchana.

Msituni, upande wa Bulyanhulu

Wema wa gari lile nao niutaje. Lina wenzo mmoja ambao ukiuvuta linasimama juu ya miguu yake kama mtu anayevuka maji akipandisha nguo. Tulikuta kijito kimejaa na malori mawili yamesimama kukisubiri. Nikavuta wenzo, likainuka, tukavuka mbele ya macho yao. Nikaona fahari, wenzangu. Nikapunga mkono.

Mbele kidogo usukani ukawa mzito. Kisha breki ikaanza kuchelewa. Kisha gari likalala likitembea. Nilipofungua mbele, nikakuta mpira mmoja wa kupitishia mafuta umetobolewa, nadhani na kijiti cha kule mtoni, na mafuta mekundu yanatiririka mpaka chini.

Mafuta yale ndiyo damu ya gari. Bila hayo halina breki wala usukani, na halisimami. Nilikuwa na kopo moja la akiba. Kwa haraka nikalimimina lote kabla sijafunga tundu, nikasimama nikiyatazama mafuta yakitoka yote mchangani. Mwanaume mzima, nilikaa chini nikashika kichwa.

Mrina asali mmoja, Msumbwa, akatokea kwenye miti na mzinga begani. Akaona ardhi nyekundu.

"Mmegonga mnyama?"

"Hapana. Ni gari lenyewe."

Akaliendea, akachutama, akaonja kwa kidole akatema. "Basi lifungwe kidonda," alisema, kama jambo la kila siku. Nilikata kipande cha mpira wa kuzibia pancha, tukakizungushia pale palipotoboka, yeye akapaka nta nene juu na kukaza kwa kamba ya gome la mti. Kidonda kikafungwa. Damu ya kurudishia ndiyo haikuwapo.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshuka, amesimama mbali ametugeuzia mgongo. Lakini upepo ulikuwa unakwenda kwake.

"Gari," alisema polepole, "mbona unanuka mafuta ya nyonyo?"

Nikanusa mkono wangu. Kweli. Katika yote waliyochanganya huko Ulaya, harufu ya nyonyo ilikuwamo.

Mama mkwe akaenda kwenye furushi lake, akarudi na kile kibuyu, akakiweka chini hatua chache kutoka nilipokuwa, akageuka. Nilijua ni nini. Alikuwa ameyakamua mwenyewe, kwa ajili ya kumpaka mtoto akizaliwa. Kwa wale wawili wa kwanza alikuwa ameyaandaa pia, na yalirudi nyumbani hayajafunguliwa.

"Gari," nikasema, "mwambie mama haya siwezi kuyachukua."

"Mwambie mafuta hayana kazi kama mimi mwenyewe sitafika," alijibu. "Mwambie amimine."

Nilimimina. Gari likatulia kidogo, kama linayaonja. Kisha likainua matako, likainua kichwa. Yule mrina asali akapiga makofi. Nilitaka kumpa chochote, akakataa, akatuongezea sega la asali kwenye jani. Jina lake sikumuuliza, na hilo linaniuma.

Kharumwa

Mafuta ya nyonyo yalitufikisha Kharumwa, si zaidi. Nililiendesha polepole kwa kuogopa breki, na jua lilikuwa bado juu gari lilipolala mbele ya nyumba moja na kukataa kabisa kuamka. Mama mkwe, ambaye alikuwa hajasinzia tangu Shinyanga, hata kwa shangazi, alikuwa amejinyoosha kiti cha nyuma, kanga imemfunika kuanzia kichwani mpaka vidoleni, amelala fofofo.

Nikashuka nimepakaa mafuta mpaka usoni, macho mekundu kwa vumbi. Watu wakaanza kuja, wanaume wamevua kofia, wanawake mikono kichwani. Nikasema moyoni, watu wa hapa wanaheshimu sana magari.

"Poleni sana," mzee mmoja aliniambia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Tumeshapoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mmetoka naye mbali?"

"Shinyanga."

"Lo! Na joto hili." Akatikisa kichwa. "Alikuwa nani kwako?"

Nikatazama walikokuwa wanatazama, ndani ya gari. "Ni mama mkwe wangu."

Wanawake wakaangua kilio. Mmoja, mama mnene mwenye nyumba ile, jina lake Mama Ngolo, akanikalisha kwenye kigoda, akanipa maji. Nikasikia mtu anatumwa akawashe moto chini ya chungu kikubwa, mwingine anauliza kaburi litakuwa hapa au mbele. Ndipo akili yangu ilipoanza kuamka. Gari jeusi, refu, limelala chini, na mtu amefunikwa gubigubi nyuma.

"Jamani," nikasema, "hapana, yeye ame…"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akaketi, kanga ikateleza, akawatazama wote.

"Gari," aliuliza, "tumefika?"

Sijapata kuona uwanja ukiwa mtupu haraka vile. Yule mzee aliacha fimbo yake. Aliyebaki ni Mama Ngolo peke yake, na yeye alibaki kwa sababu miguu ilimkatalia.

Mambo yalipofahamika, walirudi mmoja mmoja wakicheka kwa aibu, na kwa kuwa chungu kilikuwa motoni tayari, tukala chakula cha matanga yetu wenyewe: ugali wa mtama, kunde, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga. Mimi nilicheka na wanaume mpaka mbavu zikauma. Lakini nilipotazama upande wa wanawake nikaona mama mkwe hali chochote.

"Nimeliliwa njiani," alikuwa anamwambia Mama Ngolo. "Nakwenda kwa mwanangu anayezaa, nami nimebeba kilio. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale wawili. Kilio kilitangulia."

Nikaacha kucheka, nikaweka tonge chini. Nilijua neno lile alikuwa analo tangu Shinyanga, chini ya mazungumzo yote.

Mama Ngolo akanawa mikono bila haraka. "Mayu," alimwambia, kama sisi Wasukuma tunavyomwita mama, "kilio ni kimoja kwa safari moja. Sisi tumeshakilia hapa, na chakula chake mnakila sasa. Huko mbele kuna kilio gani tena? Kimekwisha. Kula."

Mama mkwe akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamega tonge.

Gari, mnaloniulizia, lipo Kharumwa mpaka leo, linangoja mpira kutoka Ulaya, ndiyo maana nilirudi juu ya magunia. Mama Ngolo anaanika michembe juu ya paa lake, na ameniletea salamu kwamba inakauka vizuri sana, bati lile linashika joto. Sina haraka nalo.

Geita

Alfajiri lilipita lori la mahindi ya wafanyakazi wa mgodini. Dereva wake, Mwislamu wa Tabora, alimpa mama mkwe nafasi ya mbele, na mimi nikapanda juu ya magunia. Lori lilikuwa kuukuu. Liliruka kila shimo, lilinipiga kila mahali, na nililipenda kwa moyo wangu wote. Likizimwa linazimika. Likiwashwa linakwenda.

Tulifika hospitali mvua ikianza. Joseph alikuwa barazani, ndevu hajanyoa. Alipomwona mama mkwe anashushwa kwenye lori akaonyesha mlango kwa kidole tu. Uchungu ulikuwa umeanza tangu usiku. Mama mkwe hakusalimu mtu. Alinawa mikono kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yakitoka kwenye bati, akaingia. Muuguzi alitaka kumzuia. Kutoka ndani tukasikia Kabula akiita, "Mayu!" na muuguzi akasogea.

Sisi tulikaa. Joseph alinieleza mashine za mgodini, jinsi zinavyoinua mawe, jinsi kamba zinavyopakwa grisi, akaeleza tena toka mwanzo, nami nikamwitikia kila mara kama sijasikia. Mvua ikazidi. Kelele za Kabula ndani zikakatika. Joseph akaacha mashine zake.

Kisha mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, akapumzika, akalia tena. Muuguzi akatoka akasema ni wa kiume, na mama yake mzima. Joseph akateleza ukutani mpaka chini, akalia kuliko mtoto, halafu wakamwita, akaingia akijikwaa.

Nikabaki peke yangu barazani. Nilikuwa nikimshukuru Mungu, na nikiwataja mmoja mmoja walionifikisha, maana bila yeyote kati yao tungechelewa: shangazi na mwiko wake, yule mkaguzi, mrina asali nisiyemjua jina, Mama Ngolo, na yule dereva wa Tabora. Ndipo mlango ukafunguka, nikaona mgongo.

Mama mkwe alikuwa anatoka kinyumenyume. Alikuja hatua kwa hatua, bila kugeuza uso, akipapasa sakafu kwa kisigino, mpaka akanikaribia. Nikainamisha macho. Akazungusha mikono yake nyuma polepole, na ndani ya mikono ile kulikuwa na kanga iliyokunjwa, na ndani ya kanga uso mdogo, mwekundu, umekunjamana.

"Nyoosha mikono, mwanangu," alisema.

Nikanyoosha. Alikuwa mwepesi, wa moto, na alipiga chafya. Mama mkwe hakugeuka, wala mimi sikumtazama. Lakini hakuondoka. Tulisimama hivyo, mgongo wake karibu na bega langu, mvua ikipiga bati, mpaka mtoto akasinzia.